Pulkeria wa Jiko la Msiba

Ukifika Nyakasimbi, kule Karagwe, siku ya msiba ukamkosa Pulkeria jikoni, basi jua marehemu ni yeye mwenyewe. Ndivyo majirani wanavyomtania, naye huwajibu kwamba hata siku hiyo atainuka jenezani awaamrishe, maana wanamenya ndizi kama watu wanaochonga mipini ya majembe na nusu ya chakula inakwenda na maganda.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mfupi, mwenye mwili, na mwenye sauti ambayo Mungu hakuiumba kwa ajili ya siri. Mumewe alifariki zamani kidogo, wanawe wameoa na kuolewa, na yeye amebaki na kibanja chake cha migomba na mibuni, mbuzi wawili wakorofi, na cheo kimoja ambacho hakukiomba wala hakupigiwa kura: mkuu wa jiko katika bujuni ya kijiji. Bujuni ni chama cha kuzikana. Huku kwetu kila mtu anayo, Mlutheri kwa Mkatoliki, mwenye zizi la ng'ombe na asiye na hata kuku, na ndiyo inayokuletea kuni, maji, ndizi, maharage na wachimba kaburi siku mambo yakikuharibikia. Mkuu wa jiko ndiye anayepanga nani amenye, nani achote maji, na nani akae kando ya mfiwa amshike mkono. Mwenyekiti wa kijiji ana mhuri, lakini siku ya msiba hata yeye huuliza jikoni kwanza kama muda wa kula umefika.

Usidhani basi kwamba ni mtu wa huzuni. Mimi sijamwona anayeipenda dunia hii kumzidi Pulkeria. Asubuhi anakaa mlangoni, anatafuna punje za kahawa iliyokaushwa kama walivyofanya wazee wake, anautazama ukungu ukipanda kutoka bondeni, anawatukana mbuzi, anacheka peke yake. Jumapili anaimba sauti ya pili kanisani, hata kwenye nyimbo ambazo hazina sauti ya pili, na mwalimu wa kwaya amekwisha nyoosha mikono.

Alizaliwa upande wa Kyerwa, karibu na Murongo, pale ambapo Mto Kagera ndio mpaka na ng'ambo ni Uganda. Shangazi yake aliolewa ng'ambo hiyo. Pulkeria alipokuwa msichana, kwenda kwa shangazi kulikuwa ni kupanda mtumbwi na kitu cha kumpelekea mwenyeji, basi. Hakuna aliyemuuliza karatasi. Mto ukijaa walisubiri, ukipungua walivuka. Alipokuja kuwa mtu mzima na kusikia viongozi wakilitamka neno mpaka kwa sauti ya kutisha, alishangaa sana, na bado anashangaa.

"Mpaka mimi naujua," husema. "Nimefulia nguo humo."

Sasa, kahawa ikiiva haimsubiri mtu. Kila msimu vijana na wanawake kutoka Burundi na Rwanda huja Karagwe na Kyerwa kuchuma kahawa, kupalilia migomba na kukata majani makavu. Watoto wetu wenyewe wako Mwanza, wako Dar, wako kwenye bodaboda. Bila vibarua hawa nusu ya vibanja vingekuwa msitu. Kijiji kizima kinajua hivyo, na kijiji kizima kikiulizwa hakijui lolote. Wanalala kwenye vibanda vya majani ndani ya migomba, chini kabisa karibu na bonde, na gari la msako la Uhamiaji likisikika barabarani wanatawanyika vichakani. Wakiugua hawaendi zahanati. Wakidhulumiwa hawaendi kwa mtendaji. Na wako wenye vibanja, sitawataja leo, ambao huikumbuka sheria ya wageni siku ileile kazi inapokwisha.

Pulkeria naye alikuwa na kibarua, jina lake Nikuze, mwanamke Mrundi wa miaka thelathini hivi, mrefu, mkimya, anayechuma kahawa bila kuvunja tawi hata moja. Alikuja kwa msimu mmoja, msimu ukapita, ukaja mwingine, hakuondoka. Hakulazwa bondeni, Pulkeria alimpa chumba nyuma ya jiko. Utoto wake aliupitisha kambini huko Kigoma, wazazi wake walipokuwa wakimbizi, na huko alijifunza Kiswahili cha darasani, kilichonyooka kuliko cha Pulkeria ambaye mpaka leo akikasirika Kiswahili humkimbia na Kinyambo, lugha yetu ya huku, ndicho hushika usukani. Baadaye familia yake ilirudi Burundi, na mama yake yuko huko, anaumwa miguu.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Nikuze aliingia kwa njia za panya. Kutoka kungekuwa vilevile, na kurudi tena nani angemhakikishia? Basi akabaki, miaka inakwenda, anamsikia mama yake kwenye simu tu. Alichokitaka ni kitu kidogo mpaka kinatia aibu kukisema: apande gari mchana, aende akamwone mama yake, kisha arudi kazini kwake kwa barabara hiyohiyo. Alikisema mara moja tu, wakipepeta maharage, na Pulkeria hakukisahau.

Lakini kukumbuka ni kitu kimoja na kusimama kumtetea mtu ni kingine. Kilichomsimamisha Pulkeria hakikuwa semina wala redio, kilikuwa ni jembe.

Huku kwetu mtu akifa, hakuna anayegusa jembe mpaka azikwe. Awe tajiri, awe mlevi, awe adui yako wa mpakani mwa kibanja, jembe linalala. Kulima huku maiti ipo kijijini ni kumdharau marehemu, na ni kujiita mwenyewe kwenye balaa. Sasa siku moja ya masika, Alhamisi, Pulkeria alilima kutwa. Udongo ulikuwa laini, mvua imenyesha usiku, na pande zote alisikia majembe ya wenzake mpaka ng'ambo ya bonde. Aliimba hadi jioni. Ilikuwa siku nzuri, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Kesho yake Nikuze aliamka amevimba macho.

"Una nini wewe?" Pulkeria akamuuliza.

"Mama, jana mlilima."

"Tulilima, ndiyo. Ulitaka tucheze ngoma?"

"Jana kulikuwa na maiti."

Pulkeria akacheka kwanza, kwa sababu jambo lenyewe haliwezekani. Maiti gani hiyo, na mkuu wa jiko hajaitwa? Nikuze akamweleza polepole aliyoyasikia usiku kwa Warundi wenzake. Kwa Ta Rwezaura, maana Mzee huku tunamwita Ta, mwenye kibanja kikubwa kuliko vyote hapo kijijini, kulikuwa na kibarua kijana aitwaye Mahoro. Alishikwa na malaria. Wenzake waliomba wampeleke zahanati, wakaambiwa wasubiri kwanza, ataulizwa ametoka wapi. Alhamisi alfajiri akafa. Wakaambiwa wanyamaze. Kutwa nzima alilala kwenye kibanda amefunikwa majani ya migomba, na jioni wenzake wakamzika mwisho wa kibanja, bila jeneza, bila wimbo.

Pulkeria akakaa chini. Yeye aliyewaosha maiti wa kijiji hiki, aliyewapikia wafiwa wa kila nyumba, alikuwa ameimba na jembe mkononi huku mtoto wa mtu amelala peke yake umbali wa kutupa jiwe. Alilia, tena kwa sauti, mpaka mbuzi wakanyamaza. Kisha akajifunga khanga kiunoni akaenda kwa Rwezaura.

Rwezaura si mtu mbaya, niseme haki. Ni mzee wa kanisa, hutoa ndizi kila msiba, na hajawahi kumpiga mtu. Ila ni mwoga, na woga ukikaa na mali ndani ya nyumba moja huzaa mambo.

"Ma Pulkeria," alisema, hata karibu hajamwambia, "ningepiga mbiu ya msiba, mtendaji angekuja. Angeuliza huyu nani, amekujaje. Mimi ningejibu nini?"

"Kwa hiyo ukatulimisha."

"Nani amekulimisha? Mimi nilikuja kwako kukushikisha jembe?"

"Umetulimisha, Ta! Kijiji kizima! Umetulimisha juu ya maiti!"

Yaliyofuata aliyasema kwa Kinyambo na mimi sitayaandika hapa.

Jumapili ile bujuni ilikutana kwenye darasa la shule ya msingi. Pulkeria alisubiri mambo mengine yaishe. Akasimama. Wakati huo hakuwa na maneno makubwa ya haki za binadamu, alikuwa hajafundishwa. Aliuliza tu, "Waitu, ndugu zangu, nani alilima Alhamisi?"

Mikono ikapanda, mingine kwa majivuno.

"Basi sote tulilima na maiti ipo kijijini."

Akawaeleza. Bi Tukahirwa, mama mzazi wa mwenyekiti wa kijiji, kikongwe anayeheshimiwa na wote, akaziba mdomo kwa kiganja. Wanaume wakatazama miguu yao. Rwezaura alikuwa amekaa nyuma, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Hotuba zote za wageni na haki zao zisingewagusa watu wale kama lilivyowagusa jembe.

Mwenyekiti, Jovin, ni mtu wa kupima maneno mpaka yapoe. "Mama Pulkeria," alisema, "inasikitisha. Lakini tukumbuke sheria. Mgeni asiye na kibali..."

"Sheria imesema asitibiwe? Imesema afunikwe majani? Mwenyekiti, mnataka wapalilie lakini hamtaki wawepo. Palizi haiji yenyewe kutoka Burundi, inakuja na mtu."

Watu wakaguna, wengine wakacheka kwa aibu. Aliyeokoa mkutano ni mzee Elieza, mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri, aliyeinuka na fimbo yake akasema yeye anakwenda sasa hivi kumwombea kijana yule, na anayetaka amfuate. Walimfuata karibu wote. Wakatoliki wakaimba zao, Walutheri zao, na Rwezaura akashika msalaba wa mti.

Kuhusu kuwaingiza vibarua kwenye bujuni, mkutano uligawanyika, na Jovin akasema litazungumzwa wakati mwingine. Pulkeria akamjibu kwamba mkutano ni wa mwenyekiti lakini jiko ni lake, na kuanzia siku hiyo atakayekuja kumenya, atamenya. Ndivyo ilivyokuwa. Msiba uliofuata Nikuze alikuja na kisu chake. Uliofuata walikuja Warundi wengine na mitungi ya maji. Kwa desturi yetu mtu aliyebeba maji ya msiba wako huwezi kumwita mgeni, na watu wakaanza kujikuta wamewajua kwa majina.

Habari zikamfikia Joyness, binti anayefanya kazi kwenye ofisi ya msaada wa sheria pale Omurushaka, chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la mbegu na nyumba ya wageni. Akaja kumwona huyo mama wa jikoni. Toka siku hiyo hawakuachana. Joyness alimpa maneno, Pulkeria akampa sauti. Walikwenda Ihembe, wakaenda Omurushaka kwenye mikutano ya wakulima, wakafika mpaka Kyerwa. Walichodai hakikuwa kigumu kueleweka: kibarua mgonjwa atibiwe kwanza, maswali baadaye, anayemtumia mtu amtambulishe kijijini badala ya kumficha, na kibali cha msimu kipatikane karibu, kwa njia ambayo mtu wa jembe anaiweza, ili watu waache kuvuka kwa kujificha. Kwenye semina moja alikabidhiwa kipaza sauti, kitu ambacho hakukihitaji hata kidogo, na mtu wa mstari wa mbele akaomba abadilishiwe kiti. Kyerwa bwana mmoja alimuuliza kama analipwa na Warundi.

"Ningelipwa," akamjibu, "ningekuja na gari nikupe lifti, maana unaonekana umechoka."

Watu wakaangua kicheko, yule bwana mwenyewe akiwemo, na mwishoni akabaki nyuma kuuliza maswali.

Ila kwa Nikuze mambo hayakusogea. Joyness alikuwa ameeleza wazi: kibali kinawezekana, lakini mwajiri na mwenyekiti wa kijiji wafike wenyewe ofisi ya Uhamiaji wamsimamie. Mwajiri alikuwa tayari hata kulala huko. Jovin ndiye aliyekuwa akitafuna maneno. Njoo wiki ijayo. Ngoja uchaguzi upite. Nitaona. Hakumkatalia, na hilo ndilo lililomkera Pulkeria zaidi, maana mtu anayekataa unaweza kugombana naye.

Kisha mzee Elieza akafariki, ametulia, kitandani kwake, uzee tu. Mbiu ikapigwa, majembe yakalala. Asubuhi ya mazishi jiko la Pulkeria lilikuwa limejaa wanawake wanaomenya ndizi nyuma ya nyumba ya marehemu, Nikuze katikati yao, na wanaume walikuwa chini kwenye migomba wanachimba kaburi, Jovin akiwa mmoja wao. Ndipo gari la msako likaingia uani.

Hawakuwa wamekuja kwa ubaya. Walikuwa kwenye mzunguko wao, wakaona kundi la watu, wakasimama. Mkuu wao alikuwa kijana mwenye adabu, kwao mikoa ya mbali, na alikuwa ameamini kitu kimoja ambacho ni mtu asiyekaa Karagwe tu anayeweza kukiamini: kwamba Mtanzania atajulikana kwa Kiswahili chake.

Akaanza na Bi Tukahirwa, maana ndiye aliyekaa karibu na njia. Kiswahili cha Bi Tukahirwa ni "Bwana asifiwe" na vipande viwili vitatu vya sokoni. Aliposikia afande anaongea kwa haraka, akadhani ni mtu aliyekuja kuwafariji. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na kwa Kinyambo akaanza kumsimulia namna Elieza alivyougua, alivyokula mara ya mwisho, na alivyosema. Afande akauliza kitambulisho. Bibi akamwonyesha maji ya kunawa. Nani huku anakwenda msibani na kitambulisho? Afande akahema, akamwinua taratibu, akampandisha garini.

Akageukia jikoni. "Na wewe?"

"Namenya ndizi za msiba, afande," Nikuze akajibu, Kiswahili safi, kila silabi mahali pake. Afande akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampita.

Pulkeria alipoona nani yuko garini, akapiga ukelele uliofika kaburini. Alitaka kusema kwamba huyo ni mama wa mwenyekiti, kwamba amezaliwa kwenye kilima hiki kabla ya afande na pengine kabla ya baba wa afande. Lakini alikuwa amekasirika, na akikasirika mnajua Kiswahili chake kinakokwenda. Akamwaga Kinyambo. Wanawake wote wakamwaga Kinyambo, kwa pamoja, visu mkononi. Kadiri walivyozidi kupiga kelele ndivyo afande alivyozidi kuamini kwamba hapa ameangukia kijiji kizima cha wageni, akaita wenzake washuke.

Hapo Nikuze akaweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye khanga yake, akatembea mpaka kwenye gari.

"Afande, mshushe bibi. Huyo ni mama wa mwenyekiti, amezaliwa hapa. Wanakwambia hivyo wote. Mgeni ni mimi, mimi ni Mrundi."

Pulkeria anasema moyo wake ulisimama. Miaka yote ile ya kujificha, na mtu amepitwa tayari, amevuka, ameokoka, anarudi mwenyewe na kujikabidhi! Alimwonea fahari na alitaka kumchapa kofi, yote kwa wakati mmoja.

Jovin alifika anakimbia, udongo wa kaburi mikononi mpaka kwenye viwiko. Alimkuta mama yake anashushwa mlango mmoja na Nikuze anapanda mlango mwingine. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Bi Tukahirwa alikuwa bado anamsimulia afande habari za Elieza.

Watu wote wakamtazama mwenyekiti. Pulkeria, pengine kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akasema kwa sauti ya chini.

"Jovin. Kaburi halijafungwa. Mwenzetu anaondokaje?"

Jovin alimtazama mama yake. Akamtazama Nikuze, aliyekuwa amekaa garini na mikono yake imelala mapajani, ina utomvu wa ndizi. Aliwaza nini sijui, lakini nilipokuja kumuuliza baadaye alisema aliona aibu, neno hilo tu.

"Afande," alisema, "huyu ni mtu wa bujuni yetu. Anazika na sisi. Jumatatu namleta mwenyewe ofisini, mimi na mwajiri wake, tumsimamie apate kibali. Tusipofika, njooni mnichukue mimi."

Afande alikuwa amempandisha garini mama wa mwenyekiti siku ya mazishi, mbele ya watu wote hao, na nadhani alikuwa anatafuta mlango wa kutokea kuliko Nikuze mwenyewe. Akachukua namba ya simu ya Jovin. Akamshusha Nikuze. Alipogeuka aondoke, Bi Tukahirwa alikuwa amesimama mbele yake na sahani ya ndizi na maharage, na msibani kwetu sahani haikataliwi. Akala. Pulkeria akamwongezea bila kuulizwa, na kabla hajamaliza alikuwa amefundishwa kusema asante kwa Kinyambo.

Elieza akazikwa vizuri, na Nikuze alikuwepo mpaka udongo wa mwisho.

Jumatatu walikwenda, wote watatu, na Joyness akawapokea mlangoni. Nisiwadanganye kwamba kibali kilitoka siku hiyo. Kulikuwa na nenda rudi, kulikuwa na afisa aliyesafiri, kulikuwa na picha iliyokataliwa kwa sababu Nikuze alicheka. Jovin alirudi naye kila alipoitwa, na hakusema tena wiki ijayo. Kilipopatikana, Pulkeria alicheza katikati ya barabara pale Omurushaka mpaka lori la ndizi likapiga honi, naye akalichezea hilo lori pia.

Kisha, kahawa ikiwa imeanza kuiva, matawi yameinama, Nikuze akaja mlangoni asubuhi, akapiga magoti.

"Mama, naomba ruhusa. Nataka kwenda kumwona mama yangu."

Pulkeria alikuwa amehangaika Ihembe mpaka Kyerwa ili mtu huyu asifukuzwe, na alikuwa hajawaza kwamba siku ya kwanza atakayokuwa huru ndiyo siku atakayoaga. Ilimchoma, asiseme uongo. Alitazama mibuni yake, akamtazama Nikuze.

"Inuka," alisema. "Unaombaje ruhusa ya kumwona mama yako? Msalimie. Mwambie ana dada huku."

Alimsindikiza mpaka stendi, saa nne ya asubuhi, jua linawaka, akabishana na kondakta kuhusu mizigo, akapunga mkono mpaka gari lilipopotea. Kisha akarudi nyumbani akashika kikapu na kuanza kuchuma mwenyewe, polepole, mgongo unalalamika, na huku akiimba.

Siku chache baadaye Rwezaura alisimama upande wake wa ua. Wiki ile kulikuwa na uvumi wa msako, uvumi mtupu, lakini vibarua wake walikuwa wametawanyika bondeni na wawili tu ndio waliorudi. Kahawa yake ilikuwa inadondoka chini.

"Naona hata wako amekukimbia," alisema, na ungemsikiliza vizuri ungesikia amefurahi kidogo.

"Hajakimbia," Pulkeria akajibu bila kugeuka. "Amekwenda kwao. Waliokimbia ni wa kwako."

Rwezaura akachuma punje moja ya kahawa, akaitazama, akaitupa.

"Huyo Joyness," alisema hatimaye, "ofisi yake inafunguliwa saa ngapi?"

Pulkeria akageuka. Alikuwa na maneno ya kumpa mtu huyu, alikuwa ameyaweka tangu masika yale, yametimia na yamekomaa. Akamwona alivyozeeka, akayameza.

"Nitakupeleka kesho asubuhi, Ta. Uje na wale vijana wako wawili. Na mje kwa barabara kuu, msipite kwenye migomba."

"Watu si watatuona?"

"Ndiyo," Pulkeria akasema, akarudi kuchuma.